Programu ya zamani kwenye Windows mpya: uliza kwanza imegoma wapi

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, kazi inayonijia kwa wingi hapa Arua, Uganda, si virusi wala skrini zilizopasuka. Ni watu waliohamia Windows 11, wengi wao kwa kununua mashine iliyotumika kutoka Kampala, halafu programu iliyokuwa ikiendesha shughuli zao ikakataa. Ya mikopo ya SACCO, ya karo za shule, ya stoo ya duka. Aliyeiandika alikuwa kijana fulani wa zamani, na namba yake ya simu haipatikani tena.

Wakifika kwangu wameshajaribu kubofya kitufe cha kulia, kuingia kwenye Compatibility na kuchagua Windows XP. Mpangilio huo unasifiwa kupita uwezo wake. Kikubwa unachofanya ni kuidanganya programu kuhusu toleo la Windows lililopo. Kama programu iligoma kwa sababu ya toleo, itaridhika. Kama inakosa kitu kingine, itaendelea kugoma hata ukiichagulia Windows 95. Ndiyo maana mimi huuliza kwanza: haifunguki kabisa, inafunguka na kulalamikia faili, au inafunguka vizuri na kutoa majibu ya ajabu?

Isiyofunguka kabisa, huku Windows ikisema haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta hii, mara nyingi ni ya biti 16, yaani ya kizazi cha kompyuta za kabla ya biti 32 na 64 za leo. Windows 10 ilikuwa na toleo la biti 32, na ndani yake kulikuwa na kipande kinachoitwa NTVDM kilichobeba programu za DOS, mfumo uliotangulia Windows, na za Windows 3.1. Windows 11 ni ya biti 64 peke yake, na kipande hicho hakimo. Usihangaike kutafuta pa kukiwasha. Kwa programu za DOS tumia DOSBox-X au vDos, programu zinazoigiza DOS ndani ya Windows. DOSBox ya kawaida ilitengenezwa kwa ajili ya michezo na haijali sana mambo ya printa. Kwa zile za Windows 3.1 kuna winevdm, ya bure. Ila chunguza kwanza: kuna programu za biti 32 ambazo kilicho cha biti 16 ni kisakinishi tu. Hizo, ukinakili folda nzima kutoka mashine ya zamani, huenda zikafunguka bila kusakinishwa.

Zinazolalamikia faili ni nyepesi zaidi. Programu nyingi za maduka yetu ziliandikwa kwa Visual Basic 6, ya mwaka 1998, na faili la msingi wake, MSVBVM60.DLL, bado limo ndani ya Windows 11. Kinachokosekana ni vikorokoro, yaani faili za ziada kama MSCOMCTL.OCX. Kichukue kwenye mashine ya zamani, usikipakue kwenye tovuti zinazogawa DLL za bure, kisha kiweke ndani ya C:\Windows\SysWOW64 na ukisajili kwa regsvr32, amri ya kuitambulisha faili kwa Windows, ile ya folda hiyohiyo, kwa ruhusa ya msimamizi. Majina yanachanganya hapa: SysWOW64 ndiyo yenye faili za biti 32, na System32 ndiyo yenye za biti 64. Ikiwa inayodaiwa ni .NET 3.5, kifurushi cha Microsoft ambacho programu nyingine hukitegemea, usimalize bando lako. Faili zake zimo kwenye flashi ya kuwekea Windows, folda ya sources\sxs, na DISM, amri ya Windows ya kuongeza vipande vyake, inazichota humo bila intaneti.

Kundi la tatu ndilo linalonipa kazi, kwa sababu programu inaonekana nzima. Hajji mmoja anayeuza vipuri vya bodaboda aliletewa mashine mpya, fundi akamnakilia folda ya programu kutoka Program Files, folda ambamo Windows huweka programu, ikafunguka bila kelele. Lakini stoo ilikuwa ya miaka mingi nyuma: bei za zamani, wateja waliokwisha lipa wanadaiwa tena. Alishaanza kumshuku mpwa wake anayekaa kaunta.

Hakuna aliyefuta kitu. Tangu Windows Vista, programu ya kawaida hairuhusiwi kuandika ndani ya Program Files. Ili zile za zamani zisianguke, Windows huyapeleka maandishi yao kimyakimya kwenye folda ya mtumiaji, AppData\Local\VirtualStore. Programu inaamini inaandika mahali pake, kumbe data yote ya kweli iko huko. Kwa hiyo anayenakili Program Files peke yake anabeba hesabu za siku programu ilipowekwa. Na kila mtumiaji wa Windows ana VirtualStore yake. Wauza duka wawili wakiingia kwa majina tofauti, kila mmoja anaona stoo yake. Hata kuifungua programu kama msimamizi, ushauri unaotolewa ovyo kila mahali, kunaweza kuifanya data “ipotee”, kwa kuwa hapo inasoma Program Files yenyewe.

Tulilinganisha tarehe za faili, tukachukua zile za VirtualStore, na programu nzima tukaihamishia C:\Stoo, nje ya Program Files, ambako inaandika bila kuelekezwa kwingine. Kama Windows mpya iliwekwa juu ya ile ya zamani, tafuta ndani ya Windows.old, na usichelewe: baada ya siku 10 hujifuta.

Tarehe nazo zikague. Windows iliyowekwa upya kwa mpangilio wa Marekani hutanguliza mwezi, na Visual Basic haipigi kelele. Ukiandika 03/04 inasoma Machi 4, lakini 13/04 inasoma Aprili 13 kwa kuwa hakuna mwezi wa 13. Kumbukumbu nyingine ziko sawa, nyingine zimepinda, na hakuna ujumbe wa kosa. Weka dd/MM/yyyy kwenye mipangilio ya eneo kabla mtu hajaandika risiti hata moja.

Vyote vikishindikana, hasa programu inapodai draiva ya zamani isiyokubalika kwenye biti 64, naweka VirtualBox, programu inayounda kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta, na kuiwasha Windows XP ndani yake. XP inatosheka na MB 512 za RAM. Utahitaji kuruhusu uigaji huo (virtualization) kwenye BIOS, mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka, ambako huenda umezimwa. XP haijahudumiwa tangu Aprili 2014, kwa hiyo naizimia mtandao kabisa na kuiachia folda moja tu ya pamoja, ambako programu inatoa ripoti na bekapu. Mashine nzima ya ndani inakuwa faili chache za kunakili kwenye diski ya nje kila jioni, umeme ukiwepo.