Hela haichagui nani awe daktari, inachagua awe daktari wa nini

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu yangu haitulii. Mzazi ana mtoto wa PCB (fizikia, kemia na biolojia), amepata daraja la kwanza, anataka nimsaidie kujua: "Daktari, huyu ana wito kweli au anafuata hela?" Kabla sijafungua mdomo anaongeza, "Maana udaktari una hela, au siyo?" Mitandaoni ni hivyo hivyo. Ikitokea habari ya mgonjwa aliyetelekezwa, utasoma kwamba madaktari wa zamani walikuwa na wito, wa sasa wamefuata pesa. Nimechoka kulijibu hili kipandepande.

Mtoto wa miaka kumi na tisa hajui hela ya udaktari inakaa wapi. Anajua daktari anaheshimika na anaamini daktari hakosi kazi. Hilo la pili limeshapitwa na wakati. Mwaka 2017 Tanzania ilikubali kuwapa Kenya madaktari 500, kesi ikafunguliwa huko Kenya, mpango ukakwama, na Rais Magufuli akaamuru 258 kati ya walioomba kwenda waajiriwe hapa hapa. Watu walishangilia. Mimi nilibaki najiuliza kuhusu hao 258: wamesoma, wamemaliza utarajali, yaani mazoezi ya kazi hospitalini baada ya chuo, wako tayari kuvuka mpaka kutafuta kazi, na vituo vya afya vijijini havina daktari.

Akiajiriwa, tuangalie slipu ya mshahara. Tuchukue mshahara wa msingi wa 1,500,000, namba ya mfano tu. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 5, yaani 75,000. Kodi inapigwa kwenye 1,425,000 iliyobaki, na kwa kuwa kinachozidi milioni moja kinakatwa asilimia 30, PAYE, yaani kodi ya mshahara, ukijumlisha na viwango vya chini vya milioni ya kwanza, inafika 255,500. Bima ya afya asilimia 3, 45,000. Bodi ya Mikopo, kurudisha mkopo wa chuo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 225,000. Mkononi 899,500, na chama cha wafanyakazi bado hakijachukua chake. Ni hela nzuri ukilinganisha na wanachopata Watanzania wengi, sitaki kueleweka vibaya. Lakini kama ndiye wa kwanza kupata slipu kwenye ukoo, ada za wadogo zake zimeshapangwa kabla hajaripoti kituoni.

Sasa huo wito. Naamini upo, nimeuona. Kinachoniudhi ni wakati unapotajwa. Mtu akikesha wodini bila posho ya zamu, hakuna anayesema ana wito. Akidai hiyo posho, ndipo anakumbushwa. Kenya mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na moja ya hoja kubwa ilikuwa watarajali: mkataba wa 2017 uliwapa shilingi za Kenya 206,400 kwa mwezi, serikali ikawa inataka kuwalipa 70,000. Huo ni mkataba, una sahihi. Anayejibu dai la mkataba kwa kuhubiri wito anataka tu kulipa pungufu.

Haya yote nimeyapitia haraka kwa sababu siyo kiini. Kiini ni kwamba hela inaanza kuchagua kwa nguvu baada ya shahada ya kwanza, na hapo hakuna mzazi anayepiga simu kuuliza.

Mimi ni daktari wa usingizi. Mama analetwa thieta kwa upasuaji wa uzazi. Ameshauliza nani atampasua, pengine amemchagua daktari huyo tangu mimba ya miezi mitatu. Nani atamchoma sindano ya mgongo, hajauliza. Dakika chache baada ya ganzi kuingia anasema taratibu, "Daktari, nasikia kichefuchefu." Mashine bado haijaonyesha kitu, lakini presha inashuka. Nainamisha kitanda kidogo kushoto, nafungulia maji yakimbie, nampa dawa ya kupandisha. Kichefuchefu kinaondoka, mtoto analia, wanapigwa picha. Anaondoka na jina la daktari wa akina mama, kama inavyopaswa, na mdogo wake akipata mimba atapelekwa kwa daktari huyo huyo.

Ndiyo maana daktari wa akina mama anaweza kufungua kliniki Sinza na mimi siwezi. Mgonjwa anamtafuta yeye kwa miguu yake. Wa ngozi, wa mifupa, wa masikio na koo, wote wana mlango wao. Wa patholojia hana kabisa: anapokea kipande cha nyama kwenye kichupa, anakaa na darubini, jibu lake ndilo linaloamua kama titi litakatwa, na mgonjwa hatamjua milele. Wa afya ya akili mlango anao, ila wagonjwa wake wengi ugonjwa umeshawapotezea kazi. Bima nayo inalipa vizuri zaidi pale mkono unapofanya kitu, kupima au kupasua. Ada ya kumuona daktari haiulizi umekaa na mgonjwa dakika tano au saa nzima, na kazi ya daktari wa akili ni kukaa.

Ongeza kwamba ubingwa ni miaka mitatu mingine au zaidi, na wengi wanajilipia ada huku wana watoto. Mtu aliyekopa ili asome atachagua fani itakayorudisha mkopo. Ukimlaumu kwa hilo mimi siko upande wako.

Kuna sehemu inayonisumbua, na vitabu vyetu vya maadili huipita kwa sentensi moja. Je, malipo yanaupinda uamuzi wenyewe? Kwenye hospitali za binafsi nimeitwa mara nyingi kwa upasuaji wa uzazi kwa sababu "mtoto amechoka", yaani hali yake tumboni imekuwa mbaya. Mara nyingi ni kweli, mtoto anatoka amejaa kijani cha kinyesi chake mwenyewe na tunashukuru tuliwahi. Mara nyingine nimeangalia saa, ni saa kumi na moja jioni Ijumaa, mtoto anatoka analia kwa nguvu zake zote, na nimebaki na swali. Sina ushahidi, mapigo ya moyo wa mtoto tumboni hayasomeki kama mizani ya dukani. Na mimi pia nimelipwa kwa mgonjwa huyo. Ila mpasuaji huyo huyo ninayemtilia shaka Ijumaa, nimemwona hospitali ya umma saa tisa usiku amekuja bila senti, amevaa kandambili, kumfungua mama ambaye kizazi kimechanika. Wito anao usiku ule na anao Ijumaa ile. Utaratibu wa malipo ndio uliobadilika.

Basi wote tulipwe mshahara tu? Ningependa kuamini hivyo. Lakini pia nimekaa kwenye thieta za mshahara ambako saa nane mchana orodha inakatwa, wagonjwa wawili waliofunga tangu jana wanarudishwa wodini, kwa sababu hakuna anayepata chochote kwa kuongeza mmoja. Sijapata jibu linaloniridhisha, na nina mashaka na yeyote anayelitoa kwa haraka.

Ninachokijua kutokana na maisha yangu ni kidogo zaidi. Nilitaka kusomea akina mama. Mwajiri wangu alikuwa tayari kulipia usingizi, kwa mkataba kwamba nikimaliza nitarudi kufanya kazi kwake, nami sikuwa na ada ya kujilipia. Nikasaini. Kazi hii nimeipenda nikiwa ndani yake, mwaka wa pili hivi, nilipoanza kuelewa kwamba mgonjwa aliyelala amenikabidhi hata kupumua kwake. Ufadhili wa aina hiyo, wa serikali na wa hospitali, ukiwekwa kwa makusudi kwenye patholojia, usingizi na afya ya akili, utaleta watu, na wengi watakuja kwa sababu ya ada iliyolipwa. Wapokeeni. Mzazi mwenye mtoto wa PCB, aanze sasa kuuliza nani atalipia miaka ya ubingwa na kwa masharti gani.