Kusikiliza kitabu si uvivu, jamani

Nimeshaambiwa hii mara nyingi na juzi nikaambiwa tena, na mtu mzima mwenye heshima zake, eti anayesikiliza kitabu "hajasoma", amesomewa tu kama mtoto mdogo, huo ni uvivu wa watu wa simu. Mimi kazi yangu ndiyo hiyo, kukaa mbele ya maiki hapa Lamu nikisoma vitabu vya watu, kwa hivyo leo naandika kirefu, akija mwengine nimtumie linki.

Huo uvivu kwanza. Pita mitaani uangalie nani anasikiliza. Fundi anachonga mlango, patasi mkono huu na nyundo huu, macho yako kwenye ua analolichonga. Mama anasuka ukili, vidole vyaenda vyenyewe lakini ukurasa hawezi kufunua. Mzee ana mtoto wa jicho. Halafu kuna wazee wetu ambao hata macho ni mazima, wamesoma chuoni, yaani madrasa, herufi za Kiarabu wanazijua barabara na Kiswahili wanakiandika kwa hizo hizo, ila hizi za Kizungu zinawachosha, mstari mmoja anaukazania mpaka maana inampotea. Huyo ukimwambia mvivu umemkosea, wallahi. Na wengi wa hawa, ile saa wanayosikiliza ingepita bila kitabu chochote.

Wala si jambo la simu. Edison, yule mvumbuzi wa Marekani, alitoa fonografu, mashine ya kurekodi sauti na kuicheza, 1877, na mwaka uliofuata alipoandika itafanya kazi gani aliwataja vipofu na vitabu vya kusikiliza. Uingereza walianza 1935 kuwapa vipofu vitabu kwenye santuri, wakiwemo wanajeshi waliopofuka vitani. Na sisi huku je? Mwana Kupona alitunga utenzi wake mwaka 1858 akianza kwa kumwita binti yake alete wino na karatasi, na tangu hapo utenzi ule umekwenda kwa maandishi na kwa sauti pamoja, wanawake wakiuhifadhi kwa ghibu. Nani atathubutu kusema hao hawakuujua?

Sayansi yake nitaipitia haraka. Watafiti wawili wa usomaji, Gough na Tunmer, 1986 walisema kuelewa unachosoma ni kutambua maandishi mara kuelewa lugha. Mara, si jumlisha, yaani moja ikiwa sifuri na yote ni sifuri. Msikilizaji anaruka ile ya kwanza tu, ambayo kwa msomaji aliyezoea inakwenda yenyewe bila jasho, ile ya pili iliyo nzito anaifanya yote mwenyewe. Na 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, walipiga picha ubongo wa watu wakisikiliza hadithi na wakizisoma hadithi zile zile, sehemu zinazoshika maana zikafanya kazi karibu sawasawa.

Sasa, wale wa upande wangu wanaodakia hapo na kusema basi ni kitu kimoja, hao nao wananiudhi, na wananiudhi zaidi kwa sababu wanajua. Si kitu kimoja. Macho yakisoma yanaruka ruka, na hayaendi mbele tu, karibu mara moja katika kila miruko kumi hivi yanarudi nyuma kidogo, unakagua jina, unakagua nani kamwambia nani, na wewe mwenyewe huna habari. Sikio halina hiyo. Sauti yangu haikusubiri. Ukiwaza bei ya samaki kwa nusu dakika mimi nimeshafika mbali, na kile kitufe cha kurudisha nyuma kipo ndio, lakini nani atakibonyeza mikono ina gundi?

Ndio maana tafiti zinaonekana kugombana na watu wanarushiana ile wanayoipenda. Mwaka 2010 kule Marekani wanafunzi waliopewa somo kwa podikasti walifanya vibaya kwenye jaribio kuliko waliopewa karatasi. Mwaka 2016 watu wazima wakapewa kitabu cha kisa cha kweli, wengine wasikilize wengine wasome, tofauti ya maana haikuonekana. Zilipokusanywa tafiti nyingi pamoja mwaka 2022, kusoma kulitangulia kidogo pale msomaji alipoachiwa aende mwendo wake. Mwendo, jamani! Ni nani ameshika usukani wa mwendo, hapo ndipo penye tofauti. Kwa hivyo kitabu cha mtihani chukua karatasi, riwaya sikiliza, na mtu asikutie haya.

Tena msiniwekee spidi mara mbili. Kiingereza msomaji wa kimya anakwenda kama maneno 238 kwa dakika na msimulizi kama 150, kwa hivyo watu wanaona nachelewesha. Lakini neno letu moja limebeba mtendaji, wakati, na anayetendewa. "Hatutawasomea" ikimezwa ile "ha" ya mwanzo umesikia ahadi mahali palipokuwa na kukataa, na hadithi nzima imepinda.

Shaka zangu ninazo. Majaribio mengi ya aina hii ni ya vipande vifupi, mengi kwa Kiingereza, na wanaojaribiwa mara nyingi ni wanafunzi. Riwaya ya saa kumi inayosikilizwa kidogo kidogo chomboni kati ya Mokowe na Faza, sina hakika inafuata hesabu hizo.

Shaka kubwa zaidi ni mimi msomaji. Kwenye kitabu mama mkwe anafungua mlango anasema "Umekuja." Basi, nukta. Ni furaha? Ni lawama? Anauliza kitu anachokiona? Mwenye karatasi anaweza kuzisikia zote tatu na akazibeba mpaka sura inayofuata ndio achague. Mwenye kusikiliza anapata ile niliyochagua mimi, na nikishaitia sauti ya lawama, mama mkwe huyo ni mkali mpaka mwisho wa kitabu hata kama mwandishi hakutaka. Siku hizi mahali kama hapo nasoma bila kupaka rangi nyingi, na wapo wanaolalamika kwamba nimesoma kikavu.