Taa inawaka, pingi inajibu, lakini data inatambaa: kagua dupleksi kwanza

Kuna malalamiko yanatufikia sana hapa kitengo cha mtandao. Waya umechomekwa vizuri, taa ya poti inawaka, ukipiga pingi (kijaribio kifupi cha kuuliza kifaa kingine kama kipo) inajibu fasta, ila ukijaribu kukopi faili kubwa kwenda seva linaenda kidogo linaganda, linaenda tena linaganda, mwisho mtu anaamua intaneti ni mbovu au anaagiza kompyuta mpya. Kabla hujatoa hela yako naomba sana ukague spidi na dupleksi, na ukague pande zote mbili za waya, yaani kwenye kompyuta na kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha waya za kompyuta.

Fulu dupleksi kifaa kinatuma na kupokea kwa wakati mmoja. Hafu dupleksi ni kama redio za walinzi, mmoja akiongea mwenzie anangoja. Zote zinafanya kazi, shida inakuja upande mmoja ukiwa fulu na mwingine hafu. Yule wa fulu anatuma muda wowote maana kwake hakuna kusubiriana, yule wa hafu akiona data inaingia huku na yeye anatuma anahesabu ni mgongano, anakata fremu yake (kifurushi cha data) katikati, na hiyo fremu ikifika upande wa pili inaonekana mbovu inatupwa. Mbaya zaidi, mgongano ukitokea baada ya baiti 64 za kwanza za fremu kadi ya netiweki hairudii kutuma yenyewe, inaiachia TCP, ule utaratibu wa kompyuta wa kuhakikisha data imefika, igundue kwamba kuna kitu kimepotea, na TCP ikigundua hivyo inapunguza mwendo. Ndo maana pingi haikuonyeshi kitu, ile ni paketi ndogo inaenda halafu jibu ndo linarudi, hakuna wa kugongana naye.

Inatokeaje? Mara nyingi ni fundi mwenye nia njema kabisa, kaingia kwenye swichi kaifunga poti kwenye 100 fulu (megabiti 100 kwa sekunde, fulu dupleksi) akijua anaiongezea nguvu, kompyuta kaiacha oto, yaani ijichagulie yenyewe. Tangu Fast Ethernet ilipokuja mwaka 1995 vifaa vina utaratibu wa kukubaliana vyenyewe spidi na dupleksi, lakini lazima pande zote mbili ziongee. Ukifunga upande mmoja huo unanyamaza, na yule wa oto spidi anaweza kuitambua kwenye mawimbi yanayoingia ila dupleksi hana pa kuijulia, kwa hiyo kanuni inamtaka achague hafu. Tayari hapo mmeshapishana. Afadhali spidi zipishane, linki haiwaki na unajua moja kwa moja, hii ya dupleksi ndo inatesa watu miezi na miezi.

Kukagua sio kazi. Kwenye Linux andika ethtool ikifuatiwa na jina la kadi, Windows fungua Device Manager, bofya kadi ya netiweki, tabu ya Advanced, tafuta Speed & Duplex. Kwenye swichi usiishie kusoma setingi tu, angalia kaunta za poti, yaani hesabu za makosa yaliyopita hapo. Upande wa hafu utaona "late collisions" (ile migongano ya baada ya baiti 64) zinapanda, upande wa fulu utaona makosa ya CRC, yaani fremu zilizofika zikiwa mbovu, ukiziona zote mbili kwenye waya mmoja basi umeshampata mwizi. Ila zifute kaunta kwanza, kopi faili kubwa, ndo usome, maana namba za zamani zinaweza kuwa za tatizo lililokwisha kitambo. CRC zikiwa peke yake, shuku waya.

Dawa ni kurudisha oto pande zote mbili. Kama kuna kifaa cha zamani hakijui oto, funga pande zote mbili sawasawa, spidi ileile na dupleksi ileile, na ubandike karatasi kwenye poti ili fundi anayekuja baada yako ajue. Gigabiti (spidi ya 1000) ya waya wa shaba ndo kabisa usizime oto, kiwango chenyewe kinaitaka.

Na kama iko oto kote halafu linki inashika 100 badala ya 1000, hapo usihangaike na dupleksi. Gigabiti inataka jozi zote 4 za waya, 100 inatosheka na jozi 2, kwa hiyo pini moja tu isiyokaa vizuri inatosha kadi nyingi kujishusha zenyewe. Badilisha waya kwanza, kwa sababu ukilazimisha 1000 kwenye waya huohuo linki itazima kabisa.