Ugonjwa wa Paget: mfupa unapojengwa ovyo

Mfupa wa mtu mzima haukai vilevile. Kila siku kuna seli zinazobomoa sehemu iliyochakaa, na nyingine zinazofuata nyuma kujaza pengo. Katika ugonjwa wa Paget mpango huo huvurugika ndani ya mfupa mmoja au michache, hasa nyonga, uti wa mgongo, fuvu, paja au muundi, huku mingine ikibaki salama.

Mwanzoni wabomoaji ndio hutawala. Seli zao huvimba kupita kiasi: ya kawaida ina viini vichache, ya Paget yaweza kufikisha hata 100. Kwenye mfupa mrefu uharibifu huanzia ncha moja na kusogea kama sentimita 1 kwa mwaka.

Kisha wajenzi nao huchachamaa. Badala ya kupanga nyuzi tabaka kwa tabaka, wanafanya kazi kama mtu anayesuka mkeka gizani. Mfupa unanenepa, lakini unene huo usikudanganye: hupinda na kuvunjika upesi kuliko mwembamba wenye afya. Damu nyingi hupita hapo, hata ngozi ya juu yake huwa na joto ukiigusa. Baada ya miaka ubomoaji hupoa, ukabaki mfupa mzito, mgumu na uliopotoka. Hatua zote tatu zaweza kukutwa katika mfupa uleule.

James Paget, daktari mpasuaji wa London aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1877, alimfuatilia mgonjwa mmoja kwa miaka 20 hivi. Miguu ilipinda, kimo kikapungua, na kofia zikawa hazimtoshi kwa sababu fuvu lilizidi kukua. Akili ilibaki timamu. Mwishowe alipata saratani ya mfupa wa mkono, jambo ambalo huwapata wachache sana, chini ya 1 kati ya 100.

Wengi hawasikii maumivu yoyote. Hugundulika kwa eksirei iliyopigwa kwa sababu nyingine. Ni ugonjwa wa wenye umri mkubwa, Uingereza ikiongoza, na Afrika ni nadra. Mtoto mwenye matege, basi, usimfikirie Paget. Fikiria kwanza upungufu wa vitamini D au kalisi.

Dripu moja ya dawa iitwayo asidi zoledroniki, miligramu 5, huweza kuwatuliza wabomoaji kwa miaka kadhaa. Mfupa uliokwisha kupinda haiunyooshi.