Msukule wa Simu: Maana Yake

Msukule wa simu ni mtu anayetembea hadharani huku macho na akili vimezama kwenye simu janja. Miguu inakwenda, mwenyewe hayupo. Aliyeketi stesheni akisoma ujumbe haingii humu; lazima awe anatembea.

Wajerumani waliunga "simu janja" na "zombi" wakapata Smombie, lililoteuliwa kuwa neno la mwaka la vijana mwaka 2015. Wachina husema ditouzu, kabila la walioinamisha vichwa. Kila lugha inatania kwa namna yake.

Wengi hudhani kosa ni moja tu: haoni mbele. Lakini palipo na msongamano kuna jambo jingine, na Kiswahili kinalisema vizuri kuliko lugha nyingi: kupishana. Tazama mwisho wa neno. Kupisha aweza mmoja. Kupishana kunahitaji wawili. Wewe unasoma bega langu linakoelekea, mimi nasoma lako, tunakubaliana bila kutamka neno. Aliyeinamia simu hasomi, wala hasomeki.

Watafiti wa Japani walilipima hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021. Makundi mawili ya watu 27 yalitembea yakielekeana. Kwa kawaida watu hao hujipanga wenyewe katika mistari, kila upande ukapata njia. Watatu wa mbele katika kundi moja walipopewa hesabu za kufanya kwenye simu wakitembea, mistari ilichelewa kujitokeza na mwendo wa wote ukapungua. Hata wasio na simu walianza kukwepana kwa kushtuka, dakika ya mwisho. Watatu tu, kati ya 54!

Miji imejibu kila mmoja kivyake. Augsburg, Ujerumani, mwaka 2016 iliweka taa za tahadhari ardhini kwenye vituo vya tramu, macho yalipo. Mimi naona huko ni kumfuata msukule kaburini. Honolulu, Marekani, tangu 2017, humtoza faini anayevuka barabara akitazama simu. Yamato, Japani, ilipiga marufuku kutumia simu ukitembea hadharani mwaka 2020, bila kuweka adhabu yoyote: anayetaka kuitazama asimame kwanza, mahali asipozuia wapitao.