Mwalimu, hawa samaki watapatana?

Orodha aliyonitumia mfugaji mmoja wa samaki wa tangi ilikuwa hivi: tetra neoni wanne, gapi watano, malaika wawili, babi wa milia watatu, koridora mmoja, pleko mmoja. Tangi lake lina urefu wa sentimita 80 na linachukua lita 112. Mimea ameipanda vizuri na imeshaota mizizi. Swali lake likawa moja tu: "Mwalimu, hawa watapatana?"

Orodha za namna hii napokea karibu kila wiki. Hii nimemwomba ruhusa niitumie, kwa sababu aliyeiandaa ni mtu makini. Alisoma habari za kila samaki peke yake, akakuta ameandikwa "mpole" au "hasumbui", kisha akajumlisha. Tatizo ni kwamba samaki habebi upole wake popote aendapo. Huyohuyo aliyetulia kwenye tangi moja anaweza kuwa msumbufu kwenye tangi jingine, kutegemea maji, ukubwa wa jirani yake, na zaidi ya yote, idadi ya wenzake wa aina yake.

Kabla ya kumjibu nilimwomba apime maji. Akapata pH, yaani kipimo cha asidi, 6.6, na maji laini, yenye madini machache. Hapo gapi wakatoka kwenye orodha. Gapi anataka maji magumu, yenye madini. Ukimtia kwenye maji laini yenye asidi hafi siku hiyo, ndiyo maana watu huona ninazidisha maneno. Anabana mapezi, anayumbayumba palepale bila kusogea mbele, na ugonjwa wowote unaopita unaanza na yeye. Neoni, ambaye kwao ni vijito vya bonde la Amazon, maji hayohayo yanamfaa sana. Dukani utawakuta wote wawili pamoja, lakini pale wanakaa siku chache tu. Kwako wanatakiwa waishi miaka.

Sishauri mtu anunue dawa za kupandisha au kushusha pH ili ampate samaki fulani. Dawa inasukuma, maji yanarudi, na huko kupanda na kushuka kunawaumiza samaki kuliko namba yenyewe. Tazama maji yako, kisha tafuta samaki wa maji hayo. Mwenye maji magumu ana gapi, plati na moli, na wote wanaelewana na mimea. Sikilidi wa Ziwa Tanganyika pia wanapenda maji ya aina hiyo, kwani pH ya ziwa lile hukaribia 9, ila wengi wao ni wachimbaji, na bustani ya majini haiwezi kustahimili mchimbaji.

Kwa malaika nataka kusema kirefu, maana hapa nilishapoteza samaki wangu mwenyewe. Malaika huuzwa akiwa mdogo kama sarafu. Akikua, mwili wake hufika sentimita 15, na kinywa kinakua pamoja na mwili. Niliwalea wawili na neoni 12 kwa miezi bila shida yoyote. Kisha asubuhi moja nikahesabu neoni 11. Neoni hupauka usiku, na taa ikiwaka rangi huchukua muda kurudi, kwa hiyo nilidhani nimekosea hesabu. Wiki iliyofuata walikuwa tisa. Hakukuwa na mzoga, wala pezi lililochanika, wala fujo yoyote mchana. Malaika hakuwa amegeuka mkorofi. Alikuwa amefikia ukubwa ambao neoni anaingia kinywani, basi. Tangu siku hiyo, nikitazama samaki wawili, nalinganisha kinywa cha mkubwa akiwa amekomaa na mwili wa mdogo akiwa amekomaa. Ukubwa walio nao siku ya kununuliwa siuhesabu.

Babi wa milia ndiye anayesingiziwa kuliko wote. Ndani ya kundi lake kuna ngazi za ukubwa, na wanashinda mchana kutwa wakikimbizana kuzigombania. Wakiwa kumi au zaidi, ugomvi huo unabaki baina yao. Wakiwa watatu, unatoka nje na kuishia kwenye mapezi marefu ya jirani. Sasa rudi kwenye orodha: watatu tu, pamoja na malaika na gapi, yaani mapezi marefu mawili ya kuchagua. Hata kundi kubwa nisingeliweka na samaki wa mapezi marefu. Kwa tangi hili niliwaondoa kabisa.

Neoni wanne ni kosa la upande wa pili. Hawatamgombeza mtu. Watajibana nyuma ya kichujio wakiwa wamefifia rangi, na mwenye tangi atasema mimea inawaficha. Si mimea. Samaki wa kundi anapokuwa peke yake au na wachache, kila kivuli kwake ni adui. Waongeze wafike 15 na baada ya siku chache utawaona katikati ya tangi. Mimea minene ndiyo kwanza inawatoa nje, kwa sababu wanajua pa kukimbilia pako karibu.

Koridora mmoja alinisikitisha zaidi ya wengine wote kwenye orodha ile. Ukitaka kujua kwa nini, kaa chini usawa wa mchanga uwatazame koridora wanane wakila. Ndevu zao zinapapasa, pua inazama mpaka karibu na macho, mchanga unaingia mdomoni na kutoka kwenye mashavu kama moshi mwembamba. Mmoja akipata kitu, wengine wanamfuata na kujazana bega kwa bega. Mara jicho linageuka kuelekea chini, utadhani amekukonyeza. Hayo yote huyaoni kwa koridora aliye peke yake. Tena wanahitaji mchanga laini kweli, si changarawe zenye makali, na uwe safi, la sivyo ndevu zinalika na maambukizi yanaingia.

Pleko wa kawaida hupita sentimita 30. Anang'oa mimea kwa mkia na kukwangua majani mapana mpaka yanabaki nyuzi. Kwa kazi ya kula mwani, otosinkla sita wanatosha, ila waingie miezi kadhaa baadaye, mwani mwembamba ukiwa umeshaota kwenye vioo na majani. Kwenye tangi jipya hufa njaa huku chakula cha wengine kikielea juu yao.

Nikamrudishia orodha hii: neoni 15, koridora wanane wa aina moja, gurami wa asali wawili, dume na jike, na otosinkla sita baadaye. Joto nyuzi 24. Aliandika aina sita za samaki 16. Amepata aina nne za samaki 31. Na bado uchafu utakaoingia majini ni mdogo zaidi, kwa sababu pleko mmoja aliyekomaa na malaika wawili wanatoa taka kuliko kundi zima la neoni. Gurami anakaa juu, neoni katikati, koridora chini. Nimemwomba pia aache mimea michache ielee, gurami anapenda kivuli chake.

Koridora wataanza kuingia, amonia na nitriti, sumu zinazotokana na taka, zikisoma sifuri, jambo ambalo kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita. Kila kundi likae kwanza kwenye chombo cha pembeni kwa wiki tatu kabla ya kuchanganywa.

Kwa kuwa ana mtungi wa hewa ya ukaa kwa ajili ya mimea, nilimwambia aufunge taa zinapozimwa. Usiku mimea haiitumii hewa hiyo, tena yenyewe inavuta oksijeni. Asubuhi awatazame neoni. Gurami na koridora hupanda juu kuvuta hewa kwa maumbile yao, hao wasimtishe. Neoni wakionekana wakihema juu ya maji, afungue pampu ya hewa papo hapo, mengine atauliza baadaye.

Jana ameniandikia tena: malaika je, hata mmoja? Nimemjibu kwamba kama anawapenda kweli, awaandalie tangi lao, lenye kimo cha sentimita 50, bila neoni ndani yake.