Hewa Ukaa Imepungua, Lakini Ni Kitu Gani Kilichopungua?

Nchi inapotangaza kwamba hewa ukaa inayoitoa angani imepungua, mimi huahirisha furaha yangu hadi nijue sababu. Katika kazi ya kuchambua takwimu za nishati nimejifunza kwamba idadi moja ya tani za hewa ukaa hubeba ndani yake mambo manne yaliyozidishwa pamoja, na kwamba jambo moja likishuka kwa sababu ya maafa, hesabu hutoa jibu lile lile ambalo ingelitoa iwapo jambo jingine lingeshuka kwa sababu ya maarifa.

Aliyeyapanga mambo hayo katika mlinganyo unaoitwa kwa jina lake ni mchumi wa nishati wa Kijapani, Yoichi Kaya: idadi ya watu, wastani wa pato la kila mtu, nishati inayotumika kuzalisha kila kipimo cha pato, na hewa ukaa inayotoka katika kila kipimo cha nishati. Tuseme idadi ya watu inaongezeka kwa asilimia 1 kwa mwaka na pato la kila mtu kwa asilimia 3, huku nishati inayohitajika kwa kila kipimo cha pato ikishuka kwa asilimia 2, na hewa ukaa katika kila kipimo cha nishati ikishuka kwa asilimia 1. Nchi hiyo imejitahidi pande zote mbili, na bado hewa ukaa yake inaongezeka kwa takriban asilimia 1 kila mwaka. Kwa hiyo serikali inayojivunia ufanisi wa viwanda vyake inaweza kuwa inasema kweli tupu, ilhali moshi unazidi.

Urusi ni mfano unaoniuma kila ninapoutazama. Baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991, hewa ukaa ya nchi hiyo iliporomoka kwa zaidi ya robo ndani ya muongo mmoja, kwa kuwa viwanda vilisimama na watu wengi wakapoteza riziki. Ulimwengu mzima uliona jambo la aina hiyo mwaka 2020, wakati janga la korona lilipopunguza hewa ukaa kwa takriban asilimia 5; mwaka uliofuata, shughuli ziliporejea, sehemu kubwa ya upungufu huo ilifutika. Hakuna mtambo uliokuwa umebadilika.

Uingereza ilipita njia nyingine, nayo inastahili kuelezwa kwa kirefu. Mwaka 2012 takriban asilimia 40 ya umeme wake ilitokana na makaa ya mawe. Mwaka 2013 serikali iliwawekea wazalishaji wa umeme kima cha chini cha bei ya kaboni, yaani kiwango ambacho tozo kwa kila tani ya hewa ukaa wanayoitoa haiwezi kushuka chini yake, na hapo ndipo uchumi ulipoanza kuamua fueli ipi ichomwe. Kituo cha makaa ya mawe hutoa takriban kilo moja ya hewa ukaa kwa kila kilowati-saa, na kituo cha kisasa cha gesi asilia hutoa chini ya nusu ya hiyo, hivyo tozo ile ile kwa kila tani humwongezea mwenye makaa gharama zaidi ya mara mbili ya anayechoma gesi. Kwa kuwa mitambo huitwa kazini kwa kuanzia ile yenye gharama ndogo ya kuiendesha, makaa yalisukumwa hadi mwisho wa foleni, huku mitambo ya upepo, ambayo haina fueli ya kununua, ikikaa mbele. Kituo cha mwisho cha makaa ya mawe, Ratcliffe-on-Soar, kilifungwa tarehe 30 Septemba 2024. Taa hazikuzimika, wala uchumi haukuhitaji kuanguka ili hayo yatokee. Kilichoshuka ni kile kipengele cha nne cha mlinganyo.

Hata hivyo, sehemu ya sifa hiyo huwa naiweka pembeni. Takwimu rasmi huhesabu hewa ukaa mahali inapotolewa, si mahali bidhaa inapotumika. Uchumi unapohama kutoka viwandani kwenda kwenye benki, bima na huduma nyingine, nishati kwa kila kipimo cha pato hushuka, lakini chuma na saruji bado vinahitajika na vinayeyushwa au kuchomwa kwingine. China, inayozalisha zaidi ya nusu ya chuma chote duniani, hubeba katika hesabu zake moshi wa bidhaa nyingi zinazotumiwa na watu wa nchi nyingine. Kwa hiyo mezani kwangu kila nchi ina safu mbili, moja ya hewa ukaa iliyotolewa ndani ya mipaka yake na nyingine ya ile iliyomo katika vitu inavyotumia, na nchi tajiri inayoagiza bidhaa nyingi karibu kila mara huwa na safu ya pili ndefu kuliko ya kwanza.